Harrier ilichemsha Kitonga: injini ya milioni 2.4 ambayo hatukuinunua

Simu iliingia Jumamosi saa 9 kasoro mchana, shemeji yangu anaongea kwa sauti ile ya mtu aliyezungukwa na watu, nyuma yake nasikia malori yanakata gia. "Shem, niko mlima Kitonga hapa, gari imechemsha, fundi anasema injini imekufa, we uko Dar hebu niulizie Ilala 2AZ sh ngapi." Yote kwa pumzi moja. Gari yenyewe Harrier tako la nyani ya 2004, cc 2400, injini yake ndo hiyo 2AZ, aliinunua mkononi kwa mtu miaka miwili nyuma, na siku hiyo alikuwa anapeleka familia Iringa kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yake. Nikamuuliza huyo fundi kapima nini, kimya. Kumbe fundi mwenyewe kashuka kwenye bodaboda dakika 10 zilizopita, hajafungua hata kifuniko cha oili.

Mi si fundi, niseme mapema. Nasimama kaunta ya spea mwaka wa 9 huu, spea za malori hasa, na kazi ya kaunta ni kusikiliza watu wakieleza gari zao zilivyokufa na hela walizokwishatoa kabla hawajafika kwako. Nimeona watu wamenunua injini wakati shida ilikuwa gasketi, na wengine wamebadilisha gasketi mara tatu kwenye injini ambayo ilitakiwa itupwe mara ya kwanza. Ndo maana kisa hiki nakiandika chote na hela zake, maana shemeji alikuwa nusu saa tu kutoka kuwa mmoja wao.

Turudi nyuma kidogo. Walitoka Mbezi alfajiri, Morogoro wakanywa chai, Mikumi wakahesabu matuta na twiga, Ruaha Mbuyuni dada yangu, mke wake, akasimamisha gari akanunua gunia la vitunguu, na ukipita pale bila kununua vitunguu watu wa Iringa watakuuliza. Kwa hiyo ndani kuna watu watano, gunia nyuma, AC imefunguliwa mpaka mwisho, na mbele yao lori limebeba saruji linapanda Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea. Wanaoijua Kitonga wanajua, kona juu ya kona, upande mmoja mlima upande mwingine korongo, kuovateki ni kujitafutia matatizo, hata pa kusimama ni shida. Shemeji kaona mshale wa temperecha unapanda, akasema nikifika juu nitasimama. Ukapanda mpaka karibu na H, halafu ukashuka wenyewe. Akafurahi! Akamwambia dada "imepoa yenyewe". Dakika mbili mbele gari ikaanza kukosa nguvu, moshi mweupe nyuma, ikazima.

Hapo kwenye mshale ndo pananiuma kila nikisikia stori za namna hii. Ile sensa ya joto inasoma maji. Maji yakishakimbia pale ilipo inabaki kwenye mvuke na hewa, na hewa haiipashi moto kama maji, kwa hiyo mshale unashuka wakati injini ndo inaungua kwelikweli. Mshale uliokuwa juu ukashuka ghafla bila wewe kufanya chochote sio nafuu, ni msiba, zima gari hapohapo hata kama uko kwenye kona, weka matawi barabarani watu walalamike.

Kitu kimoja kilichofanyika vizuri pale ni cha dada. Vijana walishafika na madumu ya maji, wanataka kufungua kifuniko cha rejeta na kumimina, wengine wanataka kuimwagia injini kwa juu kabisa. Dada akakataa, akasema chungu kikiwa cha moto hukimwagii maji ya baridi kinapasuka, mtu asiguse. Wakakaa saa nzima kivulini wanakula ndizi. Mi naamini hilo tu ndo limeokoa silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda, maana hedi ni alminiamu, ikiwa ya moto vile ukaimwagia maji ya baridi inapata ufa, na hedi yenye ufa ni kitabu kingine. Kifuniko nacho kingemuunguza mtu uso.

Bredauni mpaka Ipogolo pale chini ya mji wa Iringa, 180,000. Familia wakapanda basi dogo wakaenda kipaimara na gunia lao.

Sasa pale Ipogolo wakakutana na mzee mmoja fundi wa malori, na huyu mzee nampa heshima zake. Bei za injini zilishaanza kumiminika kwenye simu ya shemeji, moja Iringa hapohapo milioni 3.1 haina karatasi, mimi huku Ilala nimeambiwa 2.4. Nikaomba niongee na mzee. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba kabla ya yote upime kompresheni silinda zote nne, halafu zile zitakazosoma chini weka oili kidogo upime tena. Akacheka. "Marahaba kijana, siku hizi wenye gari wanajua kupima?" Lakini akapima, 30,000. Kabla ya hapo akazungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye puli ya kranki, inazunguka laini, haijashika. Habari nzuri ya kwanza ya siku hiyo.

Namba za presha ya kila silinda zilikuja hivi: silinda ya 1 psi 170, ya 2 psi 105, ya 3 psi 100, ya 4 psi 165. Kwa 2AZ nzima unategemea inakaribia 200, na chini ya 140 hivi Toyota wenyewe wanasema haifai. Akaweka oili kwenye ya 2 na ya 3, namba hazikusogea. Haya mambo mawili yanasema mengi kuliko watu kumi waliosimama kuangalia. Silinda mbili zinazopakana zimeanguka kwa pamoja na karibu sawa, maana yake presha inavuja kutoka moja kwenda nyingine, yaani gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua pale katikati. Na oili haikubadilisha namba, maana yake ringi za pistoni sio tatizo, kwa sababu ringi zikiwa zimechoka oili inaziba kwa muda na namba inapanda. Injini haijanoki, haigongi, ringi ziko hai. Akachomoa dipstiki, oili imeanza kuwa rangi ya chai ya maziwa lakini sio sana, ilizimwa mapema au tuseme ilizima yenyewe mapema.

Kwa hiyo ile "injini imekufa" ya Kitonga ilishageuka kuwa gasketi kwa 30,000 tu. Shemeji akataka ifungwe Iringa hapohapo Jumatatu aondoke nayo. Mzee ndo akamkatalia, akasema hizi 2AZ nazijua, nikifungua hedi nikakuta thredi za bolti nyuma zimekufa mimi sina kifaa cha kuzitengeneza, nitakuharibia, ipeleke Dar. Thredi ni zile nyuzi ndani ya tundu zinazoishika bolti. Fundi anayekwambia hiki sikiwezi mshike namba yake uihifadhi.

Bredauni Iringa mpaka Dar waliitajia milioni 1.3. Hapa kuna ujanja ambao mtu wa malori anaujua: karia, yale malori yanayobeba magari kwenda mpakani, yanarudi Dar matupu au nusu. Mzee akapiga simu mbili, ikapatikana moja inashuka kutoka Tunduma, 450,000, Harrier ikapanda juu peke yake kama bibi harusi, Jumatano asubuhi iko Dar.

Fundi wa Dar ni tuliyemzoea, gereji yake Tabata ina paa la mabati na sakafu ya saruji, toki renchi anayo, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, na hilo kwangu ndo kigezo, fundi asiye na toki hafungui hedi ya alminiamu ya mtu ninayemjua. Nilienda mwenyewe siku ya kufungua. Hedi ya hii injini inashikwa na bolti 10. Bolti nzima ukiilegeza mara ya kwanza inapiga kelele, kale kasauti ka "tak!" kama mtu kavunja kijiti, ndo unajua ilikuwa imekaza. Za mbele zikalia tak, tak, tak. Akahamia za nyuma, upande wa ekzosi, ukuta wa kabini. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikazunguka kimya, laini kama kifuniko cha chupa ya soda iliyokwishafunguliwa. Akanitazama. Ya tatu kimya. Ya nne kimya.

Akazitoa akaniwekea kiganjani. Kwenye kila moja nyuzi za alminiamu zimejizungusha juu ya bolti kama springi ya peni, yaani thredi zote za bloku zimetoka na bolti. Na kwenye moja kati ya hizo tatu kulikuwa na kitu cha kijivu kigumu kimeganda, nikakikwangua kwa kucha hakitoki. Gundi ya chuma. Mtu aliwahi kufungua hii injini kabla, akakuta thredi zimekufa, akajaza gundi akafunga gari ikauzwa. Shemeji alikuwa amekaa kwenye tairi hajasema kitu muda wote, akasema tu, "Huyu alijua." Alijua, ndiyo. Tukaendelea kufungua tukakuta na thamostati haipo, nyumba yake tupu.

Hiyo ya kutoa thamostati niiseme haraka maana ni ugonjwa wa mji mzima. Gari inachemsha, fundi anatoa thamostati, gari inaacha kuchemsha kwenye tambarare, mteja anashangilia. Thamostati ya hii gari inafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, kazi yake ni kuweka injini kwenye joto linalotakiwa. Bila yake ukiwa barabara ya wazi injini inakimbia ikiwa baridi, inakunywa mafuta, na kibaya zaidi dalili ya tatizo la kweli inafichwa. Inafichwa mpaka siku ya mlima.

Sasa hili la thredi sio la gari ya shemeji peke yake. Hizi 2AZ za mwanzo zinajulikana dunia nzima, bloku ni alminiamu, thredi za bolti za nyuma pale katikati zikishapata joto la kupitiliza zinalegea, hedi inanyanyuka kidogo sana, maji yanavuja nyuma chini ya ekzosi ambako huoni. Mtu anaongeza maji kila wiki hajui yanaenda wapi. Kwenye miaka ya 2006 hadi 2007 Toyota wakarekebisha bloku wakaweka thredi ndefu zaidi. Ukibadilisha gasketi peke yake kwenye bloku yenye thredi zilizokufa umenunua miezi mitatu, ikizidi minne, na ndicho anachokifanya yule mwenye gundi.

Basi jioni hiyo tukakaa na shemeji na kalkuleta. Kuiuza ilivyo, dalali kaja kaangalia kasema milioni 8, wakati nzima anaweza kupata 16 mpaka 17. Hiyo tukaifuta dakika ileile. Ovaholi nzima, pistoni ringi bearing kila kitu, karibu milioni 3 bila thredi, na vipimo havikuidai, kuta za silinda bado zina zile alama za msalaba za kiwandani, tukashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tukafungua bearing mbili tukaziangalia, safi, maji hayakukaa kwenye oili muda wa kuzila. Bima shemeji alikuwa na bima kubwa na alikuwa na matumaini, nikamwambia soma kipengele cha vitu visivyolipwa, injini kufa yenyewe bila ajali haimo.

Zikabaki mbili, injini ya Japan au kutengeneza hii.

Injini 2,400,000. Lakini hakuna mtu anayenunua injini halafu akaishia hapo. Kutoa na kuweka 350,000, oili na filta na kulanti 190,000, maunti mbili za kushikilia injini 160,000 maana za zamani zilishapasuka, na rejeta, feni, thamostati na kifuniko kama 455,000 ambazo nitazieleza, jumla 3,555,000. Juu yake kuna kadi: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukibadilisha injini unatakiwa upeleke taarifa TRA zibadilishwe, na ili zibadilishwe lazima injini iwe na risiti na karatasi za kuingilia nchini. Ile ya Iringa isiyo na karatasi ya milioni 3.1 mi hata bure nisingeichukua, siku unauza gari mnunuzi anachungulia namba, au siku askari anakagua, unaanza kueleza.

Na waranti. Injini ya mtumba waranti yake inaitwa "ya kuwasha". Ikiwaka mbele yako imeisha.

Hapa ndo kuna kizungumkuti chenyewe cha 2AZ ambacho wauzaji hawakwambii, sijui kama wanajua. Ukipewa ya miaka ya mwanzo unanunua thredi zilezile fupi, na hujui huko Japan iliwahi kuchemsha au la. Ukisema basi nipe ya mbele, ya 2007 kuja juu, thredi ndefu, unakuta hizo ndo zilizopata sifa ya kunywa oili, mpaka Toyota Marekani waliongeza muda wa waranti kwa ajili ya hilo na kubadilisha pistoni na ringi kwenye Camry za miaka hiyo. Kwa hiyo unachagua ugonjwa. Sisemi kila moja ni mgonjwa, nyingi zinatembea vizuri tu, nasema unayoinunua imefungwa na huwezi kuiona ndani. Tulienda Ilala kuangalia ile ya 2.4. Nikamulika tochi nyuma chini ya ekzosi, kuna ukoko wa pinki umekauka unashuka kwenye bloku. Kulanti ya Toyota ni ya pinki. Nikamwonyesha shemeji, sikumwambia kitu, akasema twende.

Muuzaji akatuita kwa nyuma, "Bosi, nikushushie 2.2!"

Kutengeneza sasa. Thredi kuna njia mbili za watu wenye akili, helikoili, ile springi ya chuma unayoipachika kwenye tundu ulilolichimba upya, au bushi nzima ya chuma yenye thredi ndani na nje. Kwa bolti za hedi zinazovutwa kwa nguvu vile, mi na fundi wote tulitaka bushi. Kule mtaa wa Gerezani hapa Dar kuna mkerezaji mmoja mzee kidogo anayefanya, 30,000 kwa tundu. Shemeji akauliza si tatu tu zilizokufa, tufanye tatu, 90,000. Tukabishana kidogo. Saba zilizobaki zimepata joto lilelile na zimekaa kwenye alminiamu ileile, ukifunga kwa toki halafu unazungusha nyuzi 90 za mwisho, moja ikikataa hapo umeshaweka gasketi mpya, unaanza upya. Mkerezaji mwenyewe alimaliza ubishi, akasema tatu sifanyi, nitafanya kumi au upeleke kwa mwingine. Kumi.

Nilikaa nikamwangalia akichimba tundu la kwanza. Amefunga bamba nene la chuma juu ya bloku lenye matundu yamenyooka, drili inapita humo ili isiende upande, kila baada ya muda anaitoa anapuliza chips za alminiamu, matambara yamezibwa kwenye silinda na kwenye njia za maji na oili kila mahali, anahesabu matambara kabla na baada kama daktari wa upasuaji. Ile bushi ya kwanza ilivyoingia akaweka bolti kwa vidole tu ikateremka mpaka chini bila kusita. Hapo ndo shemeji alitabasamu mara ya kwanza tangu Kitonga.

Hedi ilipinda 0.15 mm, Toyota wanataka isizidi 0.05. Ilipimwa presha kwenye maji ya moto, haina ufa, ahsante dada, ikakerezwa. Kwa mashine, tafadhali. Gereji nyingi wanaweka msasa juu ya kioo wanasugua hedi kwa mkono, zamani kwenye gasketi nene ilikuwa inapita, lakini hizi gasketi za siku hizi ni matabaka ya chuma chembamba, zinataka uso laini ulionyooka, mikwaruzo ya msasa ni njia ya maji.

Wakati huko Gerezani wanachimba, fundi wa Tabata alikuwa anatafuta kitu ambacho kwenye mabishano yote ya injini hakuna aliyekiuliza: kwa nini ilichemsha? Rejeta alipoitoa akamimina maji juu, yakatoka chini kama mtoto anakojoa. Imejaa kutu na ukoko wa magadi, miaka ya maji ya bomba bila kulanti. Kifuniko springi imelala, haibani presha, na presha ndo inayofanya maji yachelewe kuchemka, ukizingatia huko juu Iringa kwenye mita 1,500 na zaidi maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi sio 100. Na feni, hii gari ina feni mbili, moja mota imekufa, haizunguki kabisa. Kwenye barabara ya kasi upepo unaingia wenyewe huoni tofauti. Nyuma ya lori la saruji, mwendo wa miguu, AC wazi, watu watano na gunia, hapo feni ndo kila kitu. Yaani shemeji angefunga ile injini ya 2.4 Iringa, na rejeta ileile, feni ileile, kwa vijana wa Ipogolo wenye haraka zao, angeiunguza hata Chalinze hajafika.

Kwa nini mafundi wengi wanakimbilia kubadilisha injini, nimejiuliza. Sio roho mbaya wote. Kubadilisha ni siku mbili, kutengeneza ni wiki mbili za kwenda Gerezani na kurudi na mteja anapiga simu. Kubadilisha kuna cha juu kutoka kwa muuzaji injini. Na kutengeneza ikigoma lawama ni ya fundi, injini ikigoma lawama ni ya Mjapani.

Simu za mteja nazo nilizipata mimi. Siku ya 6, "Shem, mwendokasi wananikanyaga kila asubuhi, mtu mzima nashikilia bomba toka Kimara mpaka Posta, bora ningenunua ile injini." Siku ya 8 akatuma emoji ya kulia tu. Ilichukua siku 11.

Hesabu ya mwisho ya gereji: gasketi seti nzima 280,000, bolti mpya 10 ni 120,000 maana zile zinavutika hazirudiwi, hedi na vali 150,000, thredi 300,000, rejeta 280,000, thamostati na kifuniko 90,000, feni 85,000, wota pampu 130,000 hii haikuwa kwenye bajeti ilikutwa inavuja, oili mara mbili na filta na kulanti 190,000, fundi 400,000. Jumla 2,025,000. Ongeza 660,000 za bredauni, kupima na karia. Bado iko chini ya injini kwa milioni 1 na nusu, gereji kwa gereji.

Kuna jamaa wa ofisini aliniambia mmepoteza muda, injini bado ni ileile ya zamani ina kilomita zake. Kweli, ila kilomita zake tunazijua. Na ningebadilisha mawazo haraka sana kama mzee wa Ipogolo angekuta kranki haizunguki, au oili imetoka na vumbi linalong'aa la bearing, au ukuta wa silinda una michirizi inayoshika kucha. Injini iliyonoki usiibembeleze, katafute nyingine yenye karatasi, mulika tochi nyuma, fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna lami ndani, ipimwe kompresheni kwa stata kabla hujalipa, na muuzaji akikataa kupimwa umeshajibiwa.

Shemeji yeye alitaka kumpigia aliyemuuzia. Alipiga. Yule bwana akasema na yeye aliinunua hivyohivyo, akamtaja mwingine, na huyo mwingine namba haipatikani. Zile bolti tatu ziko kwenye kopo la Blueband juu ya friji yao, dada kila wiki anataka kulitupa.

Gari sasa ina miezi mitano, kilomita elfu 7 na kidogo. Oili tunapima kila Jumapili, inapungua kama nusu kikombe cha chai kwa kilomita 3,000, maji hayajashuka hata alama. Akanunua kale kadude ka OBD ka 35,000 kanakoonyesha joto la injini kwenye simu kwa namba, maana mshale hauamini tena. Desemba wakapanda Kitonga, safari hii nyuma ya tanka la mafuta, dada ndo ameshika simu ananisomea kwenye spika: 88, 90, 93, 94, 91. Juu kule shemeji akasimama pembeni, akafungua boneti akaangalia feni zote mbili zinazunguka, akaifunga. Vitunguu alikuwa amekataa wasinunue, eti uzito. Walipofika Iringa dada akatoa ndoo mbili chini ya siti ya nyuma.